"Who" au "that" kwa mtu? Barua yangu imesahihishwa na watu wawili, kila mmoja kasema lake

Afisa_Ugani_Dom

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada wa Kiingereza, sio wa mtihani maana shule nilishamaliza zamani. Mimi ni afisa mifugo, niko kwenye kata moja huku Dodoma mwaka wa tisa sasa, na naomba skolashipu ya kwenda kusoma masta. Wanataka barua ya maneno 500 nieleze kazi yangu na kwanini nataka kusoma. Nimeiandika wiki mbili nzima, nakata narudia, afu nikawapa watu wawili wanisomee.

Wa kwanza ni mkuu wangu wa kazi. Kapitia na kalamu nyekundu, kila nilipoandika "that" kwa mtu kakata kaweka "who", na pembeni kaandika kwamba that ni ya vitu, wafugaji wako sio vitu. Hiyo iliniuma jamani. Hao watu nimelala kwenye maboma yao, nimewazalishia ng'ombe saa nane usiku kwa tochi ya simu, sitaki hata kidogo mtu wa mbali asome barua yangu aone nawaita vitu.

Wa pili ni binamu yangu anasoma sheria. Kachukua ileile iliyosahihishwa, kabadilisha "who" karibu zote kuwa "whom", anasema barua rasmi lazima iwe whom la sivyo utaonekana hujasoma.

Sasa nimebaki na karatasi ina rangi tatu na sijui nimsikilize nani. Sentensi zenyewe nilivyoandika mwanzo ni hizi:

"I work with farmers that live far from the road."

"The old man who I visited him last year has now built a dip for the whole village."

"There is a widow who her cows died of East Coast fever."

"My father that kept goats taught me to love animals."

Binamu hiyo ya kwanza kaifanya "farmers whom live far from the road". Naombeni mnisaidie, na mnieleze na sababu sio jibu tu, maana nikifika huko nitaandika kurasa nyingi na nyie hamtakuwepo. Natanguliza shukrani.

Kobe_wa_Pangani

Mtu ni who, kitu ni which, that ni ya vitu. Tulifundishwa hivyo darasani na ukiandika that kwa mtu unakosa maksi. Bosi wako yuko sahihi, fuata yake. Whom sijui, hiyo tulikuwa tunairuka.

Mwl_Kingereza_Kidato

Dada hongera kwa kuomba. Nafundisha Kiingereza sekondari mwaka wa 17 huu, ngoja nikae nikujibu taratibu maana umeuliza kitu kimoja lakini kwenye hizo sentensi nne kuna vitu vinne, na hicho ulichouliza ndo kidogo kuliko vyote.

Tuanze na bosi wako. "Farmers that live far from the road" ni Kiingereza sahihi kabisa, sio cha mtaani. Fungua kamusi kubwa kama Merriam-Webster utakuta wanasema wazi kwamba that inakaa kwa watu na kwa vitu, who inakaa kwa watu, which inakaa kwa vitu. Kwahiyo kinachokataliwa kwa mtu siku hizi ni which. Ukiandika "the farmer which" hapo ndo umeharibu kweli. That haina kosa, na kaka Kobe samahani lakini sheria uliyofundishwa ilifupishwa mno, najua kwanini inafupishwa, darasa lina watoto 80 na dakika 40, mwalimu anawapa kitu cha kushika.

Afu kuna hili ambalo nadhani ndo linatuchanganya sisi. That ya kwanza kabisa kufundishwa ni ile ya kuonyesha kwa kidole, that man yule mtu, that chair kile kiti. Kwahiyo mtu akisoma "farmers that live" anasikia kidole kinanyooshwa. Lakini hii ni that nyingine. Ushahidi uko mwepisi: ile ya kidole ina wingi, unasema those farmers, hii haina, huwezi kusema "the farmers those live far". Na hata kuitamka hazifanani, ile ya kidole inatamkwa kwa nguvu, hii inamezwa, inapita haraka kama haipo. Hii kazi yake ni ileile ya -ye- na -o- zetu, anayeishi, wanaoishi, basi. Haimdharau mtu.

Hata hivyo masahihisho ya bosi wako yaache yabaki. Who kwa mtu hakuna atakayekukosoa popote duniani, that kwa mtu wapo watakaokunja uso, na wewe hujui nani anasoma barua yako. Pia huko chuoni ukikuta wanatumia mwongozo wa APA, ule wa kuandika kazi za kitaaluma, wenyewe wanataka who kwa binadamu, kwahiyo zoea mapema. Nilichotaka ujue ni kwamba hukuwakosea heshima wafugaji wako, ulale usingizi.

Sasa binamu. "Farmers whom live far" ni kosa, tena kubwa kuliko lolote uliloandika wewe. Whom sio who iliyovaa suti. Whom ni ya mtu anayetendwa. Na hapa Kiswahili kinakusaidia vizuri sana, we itafsiri sentensi yako afu uangalie kitenzi. "Wafugaji wanaoishi mbali", hiyo wa- ya mwanzo ndo wafugaji wenyewe, wao ndo wanaishi, basi ni who tu. "Mzee niliyemtembelea", mwanzo kuna ni- ambaye ni wewe, na mzee yuko pale kwenye -m-, yeye katembelewa, hapo ndo whom inaruhusiwa. Inaruhusiwa tu, hailazimishwi. Unaweza kusema the old man whom I visited, the old man who I visited, the old man that I visited, au ukaitoa kabisa ukasema the old man I visited. Zote nne nzuri, ya kwanza ndo rasmi zaidi na ya mwisho ndo nyepesi zaidi, na mimi ningeandika ya mwisho.

Angalizo, kuitoa kabisa inawezekana pale mtu anapotendwa tu. Huwezi kusema "the old man built the dip is my neighbour", hapo anatenda, lazima uweke who.

Sasa njoo kwenye kosa lenyewe, ambalo bosi na binamu wote wameliruka! "The old man who I visited HIM". Hilo "him" linatoka wapi? Linatoka kwenye -m- ya niliyemtembelea. Sisi tukisema mzee niliyemtembelea tunamtaja mzee mara mbili, kwenye -ye- na kwenye -m-, na ndo Kiswahili safi, ukiitoa hiyo -m- sentensi inalegea. Kiingereza hakitaki. Ukishasema who au whom, mzee keshatajwa, nafasi ya nyuma inabaki tupu. Mimi kwenye madaftari ya wanafunzi naliona hili kila wiki, the girl who I saw her, the teacher that we greeted him, my friend who I talked with him, hiyo ya mwisho ni rafiki niliyeongea naye, hiyo "naye" inabebwa nzima nzima mpaka upande wa pili. Hili ndo la kujichunga nalo dada, kuliko who na that.

Mjane wako ana shida hiyohiyo kwa mlango mwingine. "Mjane ambaye ng'ombe wake walikufa". Sisi tunasema ambaye, afu wake. Ukilibeba linakuwa who her cows. Kiingereza kina neno moja linalofanya kazi za wote wawili, whose. "A widow whose cows died". Ambaye na wake zimeyeyuka humo. Kila ukijikuta unaandika who his, who her, who their, simama, weka whose.

Na baba yako, ambaye naona ulimpenda. "My father that kept goats", hapa ndo that inakataliwa kweli, ila sio kwa sababu baba ni mtu. Ni kwa sababu una baba mmoja. That inachagua, inasema yupi kati ya wengi. Ukisema my father that kept goats msomaji anajiuliza una baba wangapi, na yule asiyefuga yuko wapi. Baba anajulikana tayari, hayo ya mbuzi unamwongezea sifa tu, kwahiyo unamzungushia koma mbili na unatumia who. "My father, who kept goats, taught me to love animals."

Hizo koma msizichukulie poa. Chukua mfano wa kazi yako. "The farmers who vaccinated their cattle lost very few animals." Bila koma maana yake wapo waliochanja na wapo ambao hawakuchanja, na waliochanja ndo walipona. Weka koma, "The farmers, who vaccinated their cattle, lost very few animals", hapo umesema wafugaji wote wa kata wamechanja. Maneno ni yaleyale. Kiswahili tunasema wafugaji waliochanja ng'ombe wao kwa zote mbili, na mtu anaelewa kutokana na maongezi, ndo maana hatuna sikio la hizi koma. Ukiandika ripoti ya chanjo ya ndigana kali, hiyo East Coast fever, ukakosea koma umebadilisha takwimu ya kata nzima.

Leeds_Kwa_Sasa

Mwalimu heshima yako. Mi naongeza la masikioni tu. Niko Leeds, nafanya kazi ya kutunza wazee, mwaka wa sita. Whom kwenye maongezi ni kama haipo huku. Watu wanasema the lady that does the nights, the lad I was telling you about, who did you give it to, wote, mpaka manesi na madaktari. Na wakisema that kwa mtu hakuna dharau yoyote, mtu anamwongelea mama yake mzazi anasema that. Wazee wengine wa huku utawasikia hata the man what came yesterday, hiyo ni lahaja yao ya nyumbani, isikilize uipende lakini usiiandike popote.

Ila kwenye maandishi whom nimekutana nayo sehemu mbili haitoki. Moja ni ikitanguliwa na neno dogo kama to, with, for, of, mfano "the families with whom I work". Hapo huwezi kuweka that kabisa, "with that I work" haipo, na who inasikika vibaya. Ukitaka kukwepa unahamishia with nyuma, "the families I work with", mambo yameisha. Ya pili ni most of whom, many of whom, some of whom. Dada hiyo itakufaa sana kwenye barua yako, mfano "I serve about 300 families, most of whom live more than ten kilometres from the road", namba weka yako. Hapo binamu yako atafurahi na itakuwa sahihi.

Kobe_wa_Pangani

Mwalimu nimekuelewa kwenye him na whose, hilo kweli sikuwahi kuambiwa hivyo, na nimejaribu hiyo ya kuangalia -m- kwenye kitenzi inafanya kazi. Ila kwenye that bado sijaridhika. Kama that kwa mtu ni sahihi, kwanini watu waliosoma wengi wanaikataa? Bosi wake kasoma, mwalimu wangu alikuwa kasoma. Haiwezi kuwa wote wamekosea, lazima kuna mahali ilipotoka.

Mfasiri_Mzee

Kobe swali lako ni zuri, na mimi nimefanya tafsiri kwa miaka mingi kiasi kwamba hili nimelifuatilia kwa mapenzi yangu.

Kwanza ujue that ndiye mwenyeji na who ndiye mgeni. Kiingereza cha zamani who lilikuwa neno la kuulizia, nani, basi. Kurejesha mtu, yaani ile kazi ya -ye- kwenye anayeishi, kulifanywa na maneno mengine, mpaka that likaichukua nafasi hiyo. Chaucer, aliyefariki 1400, that kwa watu imejaa kwenye mashairi yake. Whose na whom zikaanza kutumika kurejesha, who yenyewe ikafuata nyuma yao. Shakespeare anazo zote, anaandika "the man that hath no music in himself" na hakuna anayemwambia kamfanya mtu kuwa kitu.

Chukua Biblia ya King James ya 1611. Yesu anapowaambia wale waliomleta mwanamke amesema "He that is without sin among you". He that, yeye asiye na dhambi. Na which kwa mtu, ambayo Mwalimu kasema leo ni kosa, na kweli leo ni kosa, ilikuwa kawaida enzi hizo. Baba Yetu ya kwenye Mathayo 6:9 inaanza "Our Father which art in heaven". Which, kwa Mungu! Wakatoliki kwa Kiingereza wanasali "who art in heaven". Sisi tangu utotoni tunasema Baba yetu uliye mbinguni, na hiyo -ye moja imetosha, haijawahi kutusumbua.

Sasa ugomvi wenyewe ulipotoka. Mwaka 1711 gazeti la The Spectator la London lilichapisha barua ya malalamiko, mwandishi wake Richard Steele, iliyoandikwa kana kwamba Who na Which ni watu wawili waliodhulumiwa, wanamshtaki That kwamba kaja juzijuzi kawanyang'anya nafasi. Kihistoria ilikuwa kinyume, that alikuwa na ile nafasi karne nyingi. Lakini inakuonyesha kwamba zaidi ya miaka 300 iliyopita tayari walikuwepo watu waliosoma wanaoona that haina adabu. Hisia hiyo ikaingia kwenye vitabu vya kufundishia, ikavuka bahari na walimu, ikafika darasani kwako. Kwahiyo mwalimu wako hakukudanganya, alikupa alichopewa.

Na kuna sababu moja inafanya hisia hiyo ishike zaidi kwetu. Sisi lugha yetu kweli inaweza kumtoa mtu kwenye utu kwa kirejeshi. Mtu aliyesimama pale, hiyo ni heshima ya kawaida. Kijitu kilichosimama pale, lijitu lililosimama pale, umeshamtukana, na tusi haliko kwenye jina peke yake, limekaa na kwenye -cho- na -lo-. Mswahili akiambiwa that ni ya vitu moja kwa moja anasikia kilicho. Ndo maana yule dada iliingia moyoni. That ya Kiingereza haina uzito huo, haipangi ngeli, inapita kwa mtu, kwa jiwe na kwa mawingu sawasawa.

Afisa_Ugani_Dom

Jamani sijui niseme nini. Nimesoma yote mara mbili, ya Mwalimu nimeinakili kwenye daftari. Hilo la him nimerudi kwenye barua nimelikuta mara tano!! Tano kwenye maneno 500 na wote wawili hawakuliona, na mimi mwenyewe nilikuwa nalisoma linasikika vizuri kabisa kwa sababu kichwani nilikuwa nasikia niliyemtembelea.

Mzee umenigusa na hiyo ya kijitu, ndo hasa nilivyosikia kalamu nyekundu.

Sasa naomba niongeze moja kabla sijamaliza, samahani kwa kuwachosha. Barua yangu nusu ni watu, nusu ni ng'ombe. Sisi ng'ombe ni aliyezaa, aliyekufa, ambaye, anaenda na watu. Nimeandika "the cow who gave birth that night" na "the calf who survived". Mkuu wangu hizo hakuzigusa, binamu nae hakuzigusa. Zikoje? Na kuna mahali nimechanganya, mafuriko yalichukua watu na mifugo, nimeandika "the people and the cattle who were trapped". Na pia kuna kikundi cha akina mama, "a women's group who started a milk business".

Mwl_Kingereza_Kidato

Husumbui mtu dada, maswali mazuri haya.

Ng'ombe kwa Kiingereza kwenye maandishi ya kazi ni that au which. "The cow that gave birth", "the calf that survived". Kwetu mnyama ni kiumbe hai kwahiyo anaingia ngeli ya watu hata akiwa na jina la ki-, tunasema kifaru aliyeonekana, hatusemi kilichoonekana. Wao mstari wameuchora kwingine, wameuchora baina ya mtu na mnyama, ila mstari wenyewe umefifia kidogo. Mnyama mwenye jina lake, anayeishi na watu, wanamwita who. Mbwa wa nyumbani "our dog Simba, who sleeps by the door", hiyo wanaandika kila siku. Kwahiyo kama ng'ombe wako anatajwa kwa jina, who inakaa vizuri na hata inaongeza joto. Kama ni ng'ombe tu wa kwenye ripoti, that.

Watu na ng'ombe kwa pamoja, hapo that ndo inakuokoa, maana yenyewe inawabeba wote. "The people and the cattle that were trapped". Who ingemuacha ng'ombe nje na which ingemdhalilisha mtu. Kobe angalia hapo, hiyo ndo faida ya that unayoikataa.

Kikundi, angalia unaongelea nini. Kiswahili kinafanya vilevile, kikundi kilichoanzisha, lakini akina mama walioanzisha. Ukitaja kikundi kama kikundi weka that, "a women's group that started a milk business". Ukitaka hao akina mama waonekane weka "a group of women who started a milk business". Waingereza wengine wanaandika the team who, the family who, wakiona watu ndani ya kikundi, sio kosa. Kwa barua yako mimi ningechagua ya pili, kwa sababu naona wewe unaandika kuhusu watu.

Leeds_Kwa_Sasa

Nakubaliana na Mwalimu hapo mwisho. Group of women who.

Na la mwisho kutoka kwangu, kuna mtego wa whom unawanasa hata wenyewe huku, mpaka magazetini unaukuta. "The man whom they say stole the cattle". Wanaona they say hapo katikati wanadhani mtu anatendwa. Toa hayo maneno ya katikati, inabaki the man who stole the cattle, yeye ndo kaiba, basi ni who. Mwambie binamu maana kwenye sheria atakutana nayo sana, mtu anayedaiwa kuiba, mtu anayesemekana kuua.

Kobe_wa_Pangani

Haya nimekubali kwa hiyo ya watu na ng'ombe, kweli hapo hakuna neno lingine. Ila mimi kwa mtu peke yake nitaendelea na who na mwanangu nitamfundisha who, nikimweleza kwamba that sio kosa. Dada nakutakia kila la heri, watu wa ugani mnafanya kazi ngumu, hawawataji. Sisi huku ng'ombe wa baba alipona kwa afisa aliyekuja na pikipiki mvua inanyesha.

Afisa_Ugani_Dom

Asante Kobe, hilo limenifariji.

Nimekaa jana usiku nimeipitia barua yote upya. Zilizobadilika ni hizi, mniangalizie kwa mara ya mwisho:

"I work with about 260 families, most of whom live far from the road."

"The old man I visited last year has now built a dip for the whole village."

"There is a widow whose 11 cows died of East Coast fever in one season. The only calf that survived is now a cow, and it was her milk that paid for a grandchild's uniform."

"My father, who kept goats, taught me to love animals."

Hiyo ya baba nimeiweka na koma zake mbili. Binamu nilimpigia nikamsomea sheria ya -m-, akakaa kimya kidogo afu akaniomba nimtumie yote kwa meseji, kumbe nae ana barua yake anaandika.

Mwl_Kingereza_Kidato

Hakuna cha kugusa. Hapo ng'ombe umemuita her na nakuacha nae, maana umeshatueleza ni ng'ombe wa nani na maziwa yake yamefanya nini. Tuma.

Afisa_Ugani_Dom

Nimetuma leo asubuhi saa mbili. Jumatatu napita kwa yule mama kuchanja, nitamsomea sehemu yake kwa Kiswahili, mjane ambaye ng'ombe wake 11 walikufa kwa msimu mmoja, ajue alivyoandikwa.